Tumbo la Sululu

Mjini Mpigi hakuna bibi harusi aliyepata kutoka studioni kwangu na chunusi. Sijisifu, nasema kazi yangu. Mtu ananiletea Jumatatu picha za sherehe ya kujitambulisha ukweni, zimepigwa chini ya turubai la kijani, nyuso za watu zimekuwa kama matoke mabichi. Jumatano anachukua albamu ambamo hata shangazi aliyenuna siku nzima anaonekana amelamba asali. Kinachonila muda ni kanzu. Wanaume wanakuja wamevaa kanzu nyeupe, mvua inanyesha, wanapiga magoti kwenye nyasi mbele ya wakwe, na pindo zote zinajaa tope. Mimi natoa tope. Miaka kumi na tisa nimetoa tope kwenye kanzu za watu, mpaka mkono wangu unalijua kabla jicho halijaliona.

Kwa hiyo nilipoletewa picha ya ndege mwenye tumbo jeupe lenye michirizi ya kahawia, nadhani unajua nilichofanya.

Picha ilikuwa ya mkwe wangu Mutyaba, mume wa binti yangu Zawedde. Mutyaba anapiga kasia katika kinamasi cha Kyanjazi, anawatembeza wageni wanaotoka mbali kuja kumtazama ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Mgeni mmoja alimwachia kamera, kuukuu lakini yenye jicho kali, na tangu siku hiyo kijana akawa anapiga kila chenye mbawa. Yule wa mdomo kiatu hamshughulishi tena. Yeye anapenda vile vidogo vya rangi ya matope ambavyo mimi na wewe tungevipita tukidhani ni bonge la udongo.

Mimi na Mutyaba hatuongei. Hatujagombana, ni mkwe wangu. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaketi katika chumba kimoja kidogo, hawapeani mkono, hawapokezani kitu. Dada yangu alipoanza kutetemeka mikono, hakuna aliyeuliza daktari amesema nini. Waliuliza amemgusa mkwe yupi. Basi maneno yetu yote hupita kwa Zawedde, na Zawedde ana haraka tangu alipozaliwa, alizaliwa mimba ikiwa na miezi saba.

Siku hiyo aliingia na kadi ya kamera, akaitupa mezani bila hata kuketi.

"Mama, Mutyaba anasema umkuzie huyu ndege wa mwisho. Anapeleka Entebbe, chamani kwa waongozaji. Na tumbo uliangalie sana."

"Tumbo limefanya nini?"

"Mimi najua? Amesema mara tatu, tumbo, tumbo, tumbo. Nimechelewa, cherehani inanisubiri."

Nikaifungua picha, nikaliona tumbo. Michirizi kutoka kifuani mpaka chini ya mkia, mbavu zote mbili. Nikasema moyoni, masikini, ndege wa watu ameshinda kinamasini na nguo yake ya sherehe. Nikachukua brashi yangu ya kanzu kwenye kompyuta nikaanza kazi. Nilitumia saa mbili nzima, kwa sababu ni mkwe, na mkwe hapewi kazi ya nusu. Nilipomaliza, yule ndege alikuwa na tumbo jeupe pe, ungemvisha koti ukampeleka ukweni. Nikamlainisha na mgongo pia. Mutyaba akapelekewa, na jibu likarudi kupitia Zawedde: anasema asante sana mama, imependeza. Wiki nzima nilitembea nimevimba kichwa.

Baada ya wiki tatu Zawedde alikuja akaketi. Hapo nikajua kuna jambo, maana Zawedde haketi.

"Wamemvua beji," akasema.

"Nani amemvua?"

"Chama cha waongozaji. Wanasema ni mwongo. Eti amechukua sululu wa kila siku akampa cheo."

Ikabidi anieleze taratibu, na mimi nakueleza wewe. Sululu ni ndege mfupi wa miguu, mrefu wa mdomo, anayedonoa tope kutwa. Wa kawaida yupo Kyanjazi mwaka mzima, hata mtoto anamjua. Lakini yupo mwingine, sululu mkubwa, ambaye anazaliwa huko kaskazini kwenye theluji na kuja huku mvua za mwisho wa mwaka zikianza. Hukaa siku mbili tatu, kisha huyo, anaendelea na safari zake. Kyanjazi hakuna aliyewahi kumwandikisha. Mutyaba alisema amemwona na kumpiga picha. Na tofauti ya hawa wawili, ukimpata ametulia, iko tumboni. Wa kawaida tumbo lake jeupe. Mkubwa tumbo lake lote lina milia ya kahawia.



"Halikuwa tope," nikasema.

"Halikuwa tope, mama. Ni manyoya yake."

"Wewe uliniambia niliangalie tumbo."

"Alisema uliangalie, yaani ulitunze, lisipotee."

"Na mimi nikaliangalia. Mtu akikwambia angalia kanzu yangu, unaiacha na tope?"

Zawedde akatazama dari. Huyu mtoto akiniona nina makosa hutazama dari, ni adabu aliyonayo.

"Sasa kwa nini hakusema alipoiona?" nikauliza. "Ana macho ya kuona ndege ndani ya matete, hakuona kwamba nimefuta tumbo?"

"Aliona. Alikaa na ile picha mkononi mpaka chai ikapoa. Nikamwambia irudishe. Akasema, kazi ya mama mkwe unairudishaje? Ukipewa chakula ukweni utasema chumvi imezidi? Akaipeleka hivyo hivyo. Akasema ataeleza kwa mdomo."

"Wakamsikiliza?"

"Katibu wao, huyo Byaruhanga, alimwambia midomo ya wapiga kasia husema kile mgeni anachotaka kusikia."

Nilikasirika. Nilimkasirikia Zawedde na haraka zake, nikamkasirikia Byaruhanga ambaye hata sikuwa namjua sura, na zaidi nikamkasirikia huyo kijana na heshima yake ya kujichimbia kaburi huku akisema asante. Kisha hasira ikazunguka ikarudi nyumbani, maana mwenyewe nilikuwa pale pale, nimeshika brashi.

Habari nyingine zilitoka kidogo kidogo. Bila beji huruhusiwi kupakia mgeni kwenye mtumbwi. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi alete ushahidi ulio bora, la sivyo jina lake linafutwa kabisa. Na kule bandarini wenzake wamempa jina. Akipita wanamwita, "Sululu! Leo tunachimba wapi?" Hilo ndilo lililomuumiza kuliko beji, Zawedde alisema. Kwa siku kumi hajaenda kinamasini. Anakaa nyuma ya nyumba anachonga kasia ambalo halihitaji kuchongwa.

"Mwambie mumeo," nikasema, "tumbo nililolitoa mimi, nitalirudisha mimi."

Bahati ilikuwa moja. Picha mbichi nilikuwa nayo bado. Mbichi ndivyo tunavyoiita ile ambayo kamera imeihifadhi bila kuipika, ina kila kitu, mwanga wote na giza lote, na mpishi ni wewe. Asubuhi iliyofuata niligeuza kibao cha mlangoni kikasoma PAMEFUNGWA, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu msiba wa mume wangu, nikaketi.

Nikaifungua. Tumbo jeupe.

Nikafunga, nikafungua tena. Jeupe. Kisha nikakumbuka kwamba kompyuta hii nimeilea mwenyewe. Kila picha inayoingia huipaka kwanza mapishi yangu ya harusi bila kuuliza: mwanga juu, ngozi laini, rangi ya asali. Nilikuwa nimeifunza mashine tabia zangu, na sasa ilinifanyia mimi nilichowafanyia wengine. Nikayaondoa mapishi yote, moja baada ya jingine. Nikashusha mwanga wa sehemu nyeupe polepole, kama unavyopunguza moto chini ya maziwa. Na milia ikaanza kutokea. Kwanza ubavuni, kahawia hafifu, halafu mmoja juu ya mwingine mpaka karibu na kifua. Sikuona haya, nilimpigia makofi huyo ndege peke yangu ndani ya duka.

Lakini alikuwa amejaa chenga, vile vidoa vidogo vya picha iliyokosa mwanga. Picha ilipigwa alfajiri yenye ukungu, na ukishusha mwanga chenga hupanda juu kama mchanga. Nikazifuta chenga kwa ile njia niijuayo, manyoya nayo yakafutika, nikabaki na ndege wa sabuni. Nikarudi nyuma. Nikakoleza kingo ili manyoya yaonekane, nikazidisha, kila unyoya ukapata mzingo mweupe kama umezungushiwa chaki. Nikarudi nyuma tena. Hivyo ndivyo siku ya kwanza ilivyokwisha, mbele hatua moja, nyuma mbili. Sikula mpaka saa kumi.

Siku ya pili nikaelewa kitu ambacho ningepaswa kukielewa miaka mingi iliyopita. Chenga si lazima uzifute zote. Nikazifuta kwenye maji na matete ya nyuma, hapo hazina kazi, na juu ya ndege mwenyewe nikaziacha. Mtu akikaribia ataona zimetapakaa, sawa, lakini chini yake unyoya upo, na mshipa wa unyoya upo, na ncha zake. Chenga chache ni bora kuliko uongo laini. Kukoleza nako nikakupunguza mpaka pale ambapo nikikufumba macho kisha nikakufumbua huoni kama mtu amegusa.

Shida ikabaki moja. Tope la kweli nalo lilikuwepo. Ndege alikuwa kinamasini, kwa nini asiwe na tope? Baadhi ya madoa sikujua ni unyoya au ni udongo, na nilikuwa nimeapa kutokubahatisha tena. Nikamtuma Zawedde amlete mumewe.

Alikuja saa nne, akaketi kwenye benchi la barazani, chini ya dirisha, mgongo wake ukutani. Mimi ndani, pazia katikati. Zawedde akasimama mlangoni kupokea na kupeleka.

"Muulize, doa la chini ya bawa la kulia ni nini?"

"Anauliza, la chini ya bawa la kulia."

"Mwambie mama, lina umbo gani?"

"Anasema lina umbo gani."

"Nimesikia, Zawedde, amekaa hatua mbili kutoka hapa. Mwambie kama mwezi mchanga."

"Kama mwezi mchanga."

"Mwambie na mimi nimesikia," Mutyaba akasema kule nje.

Zawedde akatutazama, mmoja ndani na mwingine barazani. "Mimi si redio," akasema. "Nina sare za shule arobaini. Mkishindwa kuongea, andikianeni barua." Akaondoka.

Bodaboda zilipita, muuza mandazi alipita. Mwishowe Mutyaba akakohoa.

"Mama, upo?"

"Nitakwenda wapi, duka ni langu."

"Huo mwezi mchanga, una mwenzake juu yake?"

Nikatazama. "Wapo watatu. Wamepangana."

"Hao ni manyoya. Milia yake inakaa kama mshono wa mkeka, ubavuni inabanana, ikija katikati ya tumbo inaachana. Ukiona umbo linajirudia, ni lake. Ukiona limejilalia tu halijali mstari, hilo ni tope."

Hivyo tukaanza. Mimi nataja, yeye anajibu, na hana picha mbele yake, yote anayo kichwani. Nilimwuliza kuhusu kila doa kutoka shingoni kushuka. Aliniambia mstari upi mpana, upi umekatika kwa sababu ndege alikuwa amegeuka kidogo, upi una rangi nyepesi kwa kuwa unyoya ule ni mpya. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile. Siku ya kujitambulisha kwake ukweni msemaji wao alisema yote, yeye akatikisa kichwa tu, nami nikajiambia Zawedde anaolewa na kisiki.

"Kuna jingine karibu na mguu wa kushoto," nikasema. "Halina umbo, limejilalia."

"Hilo tope."

"Nalitoa."

"Liache, mama."

"Niliache tope?"

"Alikuwa nalo."

Msomaji, mkono wangu ulitetemeka, na sikuwa nimemgusa mkwe yeyote. Nililiacha. Nimelala na mambo mazito zaidi, lakini lile tope lilinikaa.

Siku ya tatu tukafika mahali pabaya. Katikati ya tumbo, palipo na upana wa ukucha wa kidole gumba, jua lilikuwa limepiga maji likarudi kwa ndege, na pale picha iliungua. Nilishusha mwanga mpaka chini kabisa. Hapakutokea kitu. Palibaki peupe, pameungua kweli, hata katika picha mbichi hapakuwa na chochote cha kurudisha. Na pahali penyewe ndipo katikati hasa, ambapo mtu wa kwanza kutazama ataweka kidole.

Zawedde alikuwa amekuja na uji. Akainama juu ya bega langu.

"Si ujaze tu? Chukua manyoya matatu ya pembeni, bandika hapo. Nani atajua?"

Na ni kweli ningeweza. Ni kazi ya dakika kumi. Tena ningekuwa nasema kweli, si Mutyaba mwenyewe amesema milia inafika mpaka katikati? Brashi ilikuwa tayari mkononi. Nikaita dirishani.

"Mkwe wangu, umesikia. Unasemaje?"

Akajibu: "Ni kazi yako, mama. Utakavyoona."

Hapo nikachoka. "Utakavyoona ndiyo iliyokuvua beji," nikasema, na sauti yangu ilifika barabarani. "Uliona nimeharibu ukasema imependeza. Kama ungenirudishia siku ile, ningekasirika siku mbili, ningepona. Sasa tazama ulipo. Sema, bwana we. Ndege ni wako."

Nilisikia benchi likilia. Nikadhani ameondoka.

"Usijaze," akasema.

"Sema tena."

"Usijaze, mama. Mimi nilipaona kwa macho, lakini kamera haikupaona. Acha vile kamera ilivyoona."

Lile tope alikuwa ameomba tu; hii ilikuwa mara ya kwanza mkwe wangu kunikatalia jambo. Nakwambia ukweli, nilifurahi kuliko siku alipoleta mahari. Nikaweka brashi chini, nikala uji.

Tulikwenda Entebbe siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Ofisi ya chama ni chumba kimoja nyuma ya duka la zana za uvuvi, meza moja, viti vinne, na ukutani kalenda ya mwaka juzi. Mutyaba hakuweza kuingia, mimi nikiwa ndani. Akabaki barazani kando ya mlango. Byaruhanga alikuwa mwembamba, miwani yake ina kamba shingoni, anaongea kama mtu anayesoma. Pembeni yake aliketi mwanamke mzima kutoka kaskazini mwa nchi, Bi Akello, ambaye wanasema ametembea kila bwawa la nchi hii kwa miguu. Hakunisalimia kwa maneno, aliinua mkono.

"Mwenye picha yuko wapi?" Byaruhanga akauliza.

"Nje. Mimi ni mama mkwe wake."

"Aa." Alielewa, watu wa kwao nao wana wakwe. "Na umekuja kumtetea."

"Nimekuja kujishtaki."

Nikamwekea picha mbili kwenye kompyuta yake, ya zamani na mpya, bega kwa bega. Alizitazama. Akakuza, akapunguza, akakuza tena. Bi Akello akasogeza kiti.

"Ya kwanza tumbo jeupe," Byaruhanga akasema. "Ya pili tumbo la milia. Ndege mmoja, siku moja, sekunde moja. Ipi ya uongo?"

"Ya kwanza. Niliisafisha mimi. Nilidhani ni tope."

"Tope." Hakucheka, lakini Bi Akello alishusha uso. "Kwa hiyo mama unajua kuondoa milia."

"Najua."

"Na anayejua kuondoa, hajui kuweka?"

Nilisikia kule nje Mutyaba akibadilisha mguu. Hilo swali nilikuwa nimelitarajia njia nzima na sikuwa nimepata jibu lake, na sasa lilikuwa limeketi mezani linanitazama. Picha mbichi ningeweza kumwonyesha, lakini nilijua atasema hata hiyo imepita mikononi mwangu. Nikaona aibu, nikaona hofu, na nyuma ya hofu ile hasira yangu ya zamani ikanyanyuka ikaniokoa.

"Najua kuweka," nikasema. "Mwezi uliopita nimempa babu mmoja wa Buwama jicho zima, na hakuna mgeni wa harusi aliyejua lilikotoka. Meno nimeshajaza hata idadi siijui. Sasa bwana, kuza hapo katikati ya tumbo. Hapo hapo. Unaona nini?"

"Peupe. Pameungua."

"Pana ukubwa gani?"

"Padogo."

"Hapo ningepajaza huku naongea na simu. Pangekuwa na milia mizuri kuliko yote. Kama nimekuja kukuchorea ndege, ningeacha tundu katikati ya tumbo, mahali ambapo ulipaona kabla sijakaa vizuri?"

Byaruhanga akavua miwani.

"Shuka mguuni," nikaendelea, maana nilikuwa nimeshashika kasi. "Wa kushoto. Hilo ni tope, la kweli. Nimeliacha. Nenda Mpigi, simama sokoni, uliza mtu yeyote kama mimi Nabbosa huacha tope kwenye picha."

Bi Akello akacheka, kicheko kifupi cha puani, akarudi haraka kwenye picha. Alikuwa anahesabu kitu kwa ncha ya kalamu, ubavuni, bila kugusa kioo.

"Na hapo palipoungua," Byaruhanga akasema, taratibu sasa, "palikuwa na nini?"

"Sijui. Mimi sikumwona huyo ndege. Nimeona tumbo lake siku tatu, lakini ndege sikumwona. Aliyemwona yuko hapo mlangoni, na tangu alete habari hii hakuna hata mmoja aliyemuuliza swali. Mliiuliza picha."

Akaangalia mlango. Akamwangalia Bi Akello. "Aingie," akasema.

Nikaona tatizo pamoja nao. Chumba kile, viti vinne, meza moja. Ningeweza kutoka, na ndiyo adabu, lakini nilitaka kusikia. Nilikuwa nimelipia kusikia. Nikasimama, nikakigeuza kiti changu, nikaketi nimeelekea ukutani, uso kwenye ile kalenda, mgongo kwa watu wote.

"Ingia, mkwe wangu," nikasema. "Sikuoni."

Nikasikia hatua zake, akasimama mbali nami kadiri chumba kilivyoruhusu. Byaruhanga akamwambia aanze mwanzo. Akaanza kwa sauti ya chini, kama yule kisiki wa siku ya ukweni, na nikakunja vidole vyangu. Alisema alikuwa anasukuma mtumbwi kwa mti kwenye njia nyembamba, hakuna mgeni, peke yake. Ndege aliruka karibu na ncha ya mtumbwi.

"Aliruka vipi?" Bi Akello akakatiza.

"Moja kwa moja. Sululu wetu hukata kona kama mwizi na hupiga kelele. Huyu alikwenda amenyooka, mzito, kimya. Nikasikia mbawa tu. Akatua hapo mbele, hata hakwenda mbali."

"Mkia?"

"Alipotua aliufungua. Pembeni mweupe, huku na huku, mweupe mwingi."

"Na tumbo, hapo palipoungua?"

"Milia ilikuwepo, lakini imeachana. Miwili. Mmoja umekatika katikati kama uzi uliovutwa. Baadaye jua likapenya ukungu, akalitazama, nikapiga."

Sauti yake ilikuwa imepanda bila yeye kujua. Alieleza alivyolala kifudifudi ndani ya mtumbwi, maji yakiingia, akiogopa kupumua. Alieleza jinsi ndege alivyoingiza mdomo wote kwenye tope mpaka machoni. Hakuna aliyemkatiza tena. Nilikuwa nalia, natazama kalenda, mwezi wa nne wa mwaka juzi, na sikujifuta kwa sababu ningejifuta wangejua.

Alipomaliza, nikasikia Bi Akello akiweka kalamu mezani.

"Huyu amemwona," akasema.

Droo ikafunguliwa, kikalia kitu kidogo cha bati, kiasi cha beji, juu ya mbao, na kurasa za daftari kubwa zikafunuliwa. Byaruhanga akakohoa.

"Mama Nabbosa, jina la mkwe wako linaandikwaje?"

"Muulize mwenyewe," nikauambia ukuta.